Kinyonga Aliyepima Kiu ya Jua

Ulikuwa ule mwaka ambao mvua ilisahau njia ya kuja Nyika ya Kaukau. Masika yalipita makavu, vuli ikapita kavu zaidi, na mbuga nzima ikawa na rangi ya mkate uliochelewa kuepuliwa. Mito ikabaki mchanga, visima vikabaki mashimo. Vyura, ambao kelele zao zilikuwa zikiwachosha majirani kila jioni, wakanyamaza wote, na hilo ndilo lililowatisha wanyama kuliko jingine lolote. Likabaki bwawa moja tu, Bwawa la Chepechepe, na wanyama wote, wakubwa kwa wadogo, wakalihamia.

Simba, mfalme wa Kaukau, akatangaza baraza. Simba huyu alikuwa na manyoya ya shingoni aliyoyachana kwa makucha kila asubuhi, na duniani alipenda mambo mawili: kusikilizwa, na kutokosolewa.

"Bwawa linataka mtu wa kuliangalia," alisema. "Aseme kila siku maji yamebaki kiasi gani, na kila mmoja anywe kiasi gani. Tutamwita Mpimaji wa Maji. Nani anaiweza kazi hiyo?"

Fisi alikuwa wa kwanza kusimama. Ni Fisi yule yule mnayemjua, tumbo mbele, aibu nyuma.

"Mimi hapa, mfalme," alisema. "Hesabu ni kitu changu. Niliachishwa ziwa huku nahesabu."

"Nyota za mbinguni ni ngapi?" Simba akamuuliza.

"Nyingi, mfalme."

Simba akawageukia wengine. "Mmesikia? Hakubabaika hata kidogo."

Hapo ikasikika sauti nyembamba kutoka kwenye tawi la mgunga. "Mimi pia naiomba kazi hiyo."

Ilichukua muda kuiona sauti inatoka wapi, maana msemaji alikuwa na rangi ile ile ya gome alilolikanyaga. Alikuwa Kinyonga, binti mdogo wa mwili, jina lake Mwanarangi. Alikuwa amefika tangu jana yake. Alijua kutoka kwao hadi barazani ni hatua elfu mbili na mia nne, akajua kwa siku yeye hutembea hatua mia nane, akagawanya, akaongeza siku moja ya kupumzika, akaondoka. Waliokaa jirani na baraza walichelewa. Yeye aliyekaa mbali aliwahi.

Baraza likaangua kicheko. Kiboko alicheka mpaka akakaa juu ya mtu.

"Wewe ni binti," Simba alisema.

"Ndiyo, mfalme."

"Na mwendo wako ndio huo wa kinyonga."

"Ndiyo, mfalme. Ndiyo maana kila hatua yangu iko sawa na mwenzake. Anayekimbia anafika, lakini hajui ametoka mbali kiasi gani."

Fisi akaona kazi inaanza kumponyoka. Akasafisha koo. "Mfalme, tuseme ukweli ingawa unauma. Mwanamke akiyahesabu maji, maji huona haya. Yanajificha ardhini, basi tena. Bibi yangu aliniambia."

"Bibi yako alijuaje?" Mwanarangi akauliza. "Aliyahesabu?"

Huko nyuma wakajitokeza wachache waliocheka, akiwamo Sungura, ambaye hucheka upande wowote unaochekesha. Lakini Simba alikuwa amekwisha kuamua, na akiamua hupiga miayo, kuonyesha meno. Fisi akawa Mpimaji wa Maji.

Kinyonga ana shida moja kubwa: hawezi kuwa na jambo moyoni akalificha, ngozi inamsema. Mwanarangi alishuka kwenye mgunga akiwa mwekundu, akafika chini akiwa wa kijivu. Mama Kanga, jirani yake, alimfuata akiwa na vifaranga wanane nyuma yake, wote wanazungumza kwa pamoja.

"Mwanangu," Mama Kanga alisema, "mambo ya kupima waachie wenyewe. Kesho na keshokutwa utataka kuolewa. Mchumba akija akakukuta unagawanya, si atageuka njiani?"

"Akigeuka nitahesabu hatua alizorudi nazo," Mwanarangi alisema, na Mama Kanga, japo hakutaka, akacheka kama mlango usiotiwa mafuta.

*

Fisi alianza kazi. Alijipatia fimbo, akajipatia kiti cha kichuguu kando ya bwawa, akapiga marufuku mtu yeyote kukaribia maji isipokuwa asubuhi, kwenye foleni. Adhuhuri, jua linapokuwa la utosi na wanyama wote wamelala vivulini, yeye alibaki pale peke yake. "Nalinda," alisema. Na juu ya kichaka cha miiba nyuma ya bwawa alitoa tangazo lingine: mle ndani anaishi Pepo wa Upele, na atakayeingia atajikuna mpaka ajikune kivuli chake. Hakuna aliyetaka kujikuna kiasi hicho.

Kila asubuhi alipanda kichuguu na kutoa taarifa. "Maji yamepungua," alisema siku ya kwanza. "Yamepungua tena," alisema siku ya pili. Simba alitikisa kichwa kwa kuridhika na utaalamu huo.

Mwanarangi hakuridhika. Kupungua alikuona hata Nyumbu, ambaye haoni mengi. Alichotaka kujua ni kiasi. Akatafuta ufito ulionyooka, akauchora alama kwa mwiba, moja juu ya nyingine, zilizolingana kama meno ya kitana, akauchomeka kwenye tope ukingoni, mahali penye matete. Kisha akageuka rangi ya ufito huo, akakaa juu yake. Ukipita pale huoni Kinyonga, unaona ufito mnene kidogo.

Siku ya kwanza bwawa lilishuka alama nne. Siku ya pili, nne. Siku ya tatu, nne.

Siku hiyo hiyo ya tatu Fisi alipanda kichuguu akiwa na uso wa msiba. "Mfalme, nimepima, nimepima tena, nimechoka. Maji yanakwisha kwa sababu mbili. Jua linakunywa sana. Na hawa wadogo wadogo, na mama zao, wanakunywa kutwa na kuoshana masikio. Hawawindi, hawapigi doria, wanazaa tu. Nashauri waondoke. Waende Mto Ng'ambo."

Mto Ng'ambo ulikuwa mwendo wa siku tano bila tone njiani. Mama Kanga aliwatazama vifaranga wake, ambao kwa mara ya kwanza tangu watoke kwenye mayai walikuwa wamenyamaza.

Simba alijikuna ndevu. "Siku saba," alisema. "Maji yakiendelea hivi, siku ya nane waanze safari."

Mama Kanga alirudi chini ya kichaka chake, akaanza kuchagua kifaranga yupi ambebe mgongoni na yupi amshike kwa mdomo, akafika wa tatu akakwama, kwa sababu mgongo ni mmoja na mdomo ni mmoja. Mwanarangi alimkuta hapo.

"Mama Kanga, nisaidie kubeba maji kidogo."

"Maji ya nini, mwanangu, mtu ninafungasha?"

"Nataka kulipatia jua chungu chake peke yake, nione kiu yake ikoje."

Kulikuwa na jiwe kubwa karibu na bwawa, limebonyea katikati kama chungu. Lilipigwa na jua lile lile lililolipiga bwawa, asubuhi hadi jioni. Usiku, Fisi akiwa amelala, Mama Kanga alilijaza maji kwa mdomo, safari mia na kitu, huku akinung'unika kila safari. Mwanarangi akachomeka ndani yake ufito wa pili, wenye alama zile zile. Kisha wakalizungushia miiba pande zote, hata panya asingeweza kupenyeza ulimi.

"Humu," Mwanarangi alisema, "linakunywa jua peke yake."

Siku ya pili yake waliangalia. Maji yalikuwa yameshuka alama moja. Wakangoja siku nyingine. Alama moja. Wakati huohuo, kila asubuhi, Mwanarangi alisoma ufito wa bwawani kabla ya foleni na baada ya foleni. Nyika nzima, ndovu kwa mende, ilikuwa inakunywa alama moja.

"Sasa tutoe," alimwambia Mama Kanga. "Bwawa linashuka alama nne. Jua limekunywa moja. Sisi tumekunywa moja."

Mama Kanga hakuwa ametoa hesabu maishani mwake, lakini watoto alikuwa nao. Akawasimamisha vifaranga wanne mstarini. "Wewe ni ya jua, ondoka. Wewe ni yetu, ondoka. Hapana, rudi, wewe sikukutaja. Kaa. Nimesema kaa." Baada ya purukushani ya kutosha walibaki wawili, wamesimama wanatazamana. Mama Kanga akawaangalia. Akazunguka nyuma yao, akawaangalia tena.

"Hawa wawili ni za nani?" aliuliza taratibu.

"Ndilo swali," Mwanarangi alisema. Ngozi yake ilikuwa imeanza kuwaka manjano kama alizeti, na hakujali nani anaona.

*

Alikwenda barazani siku ya nne ya zile saba. Kwa mwendo wake alitumia asubuhi yote kuvuka uwanja, na wanyama wakamtazama tu, wengine wakala, wakalala, wakaamka, naye bado anakuja.

"Mfalme," alisema alipofika, "jua halinywi alama nne. Nimelipima."

"Umelipima jua?" Simba akauliza.

"Kiu yake, mfalme. Ni alama moja kwa siku. Sisi sote ni alama moja. Zimebaki mbili ambazo hazina mwenyewe."

Baraza likanong'ona. Fisi alicheka kile kicheko chake kirefu, lakini kilitoka kikiwa na ufa.

"Na hizo mbili zinakwenda wapi?" Simba akauliza.

"Sijui bado. Ndiyo maana nauliza."

"Mmesikia," Fisi alisema. "Anauliza. Mpimaji hasemi sijui. Mimi mmewahi kunisikia nikisema sijui?"

Ilikuwa kweli, hawakuwahi. Makofi yakapigwa. Simba alinyoosha mkono yakakoma.

"Binti," alisema, na sauti yake haikuwa kali, ilikuwa ya mtu aliyebanwa mahali. "Huyu Mpimaji nilimchagua mimi. Sasa nikisema yeye amekosea, nani mwingine atakuwa amekosea?"

Barazani kila mmoja akaanza kutazama kucha zake.

"Umeona," Simba alisema. "Niletee kitu cha kuonekana kwa macho. Siku bado ziko tatu."

Mwanarangi alirudi kwa Mama Kanga bila rangi yoyote, akiwa mweupe kama jivu la mkaa. Hesabu zilikuwa sahihi, alizirudia tena na tena njia nzima, na hazikutosha. Alikuwa anajua jambo la kweli ambalo lilikuwa halimsaidii mtu. Alikaa kwenye kijiti, akazungusha jicho moja huku na jingine kule, na hakuona kitu kwa yote mawili.

Chini yake Mama Kanga alikuwa anamfokea Kidoa, binti yake wa nne.

"Nimekuuliza, umekula zambarau zangu?"

"Sijala, mama."

"Zile nilizokausha za dawa ya kikohozi?"

"Sijaziona hata kuziona, mama."

"Fungua mdomo."

Kidoa akafungua mdomo. Ulimi ulikuwa wa zambarau, mdomo wa zambarau, na kwa kuwa alikuwa amelalia zilizobaki, hata makalio yake yalikuwa ya zambarau.

Macho yote mawili ya Mwanarangi yakageuka kwa pamoja na kumtazama Kidoa. Kwa kinyonga hilo hutokea mara chache sana.

"Mama Kanga," alisema, "usimchape. Mpe nyingine. Na uniambie, akina mama wa Kaukau wamekausha zambarau kiasi gani kwa jumla?"

Kiasi kilikuwa kikubwa, kwa maana msimu uliopita mizambarau ilizaa mpaka matawi yakavunjika. Lakini Mwanarangi hakutaka kukisia. Alianza na lile jiwe. Konzi moja ya zambarau zilizopondwa ilitosha kuyafanya maji ya jiwe yaache rangi kwenye kitu chochote kilichochovywa ndani yake; walimchovya Kidoa, aliyefurahi. Kesho yake, siku ya tano, akapanda ukingo wa bwawa, akalizunguka tangu alfajiri hadi alasiri kwa hatua zake zisizopungua wala kuzidi, akapima kina kwa ufito hapa na pale, akakaa na kuzidisha. Maji ya bwawa yangejaza mawe mia sita kama lile.

"Konzi mia sita," alimwambia Mama Kanga.

Mama Kanga ni mtangazaji wa kuzaliwa. Kabla jua halijazama kila mwenye kifaranga, ndama au kinda alikuwa na habari, na waume zao hawakuwa nayo. Mama Ndovu alileta makapu matatu. Mama Ngiri alizileta mashavuni. Mama Twiga aliomba radhi kwamba za kwake ziko juu sana, mtu apande achukue. Walipondaponda usiku kucha, wakicheka bila kujua wanacheka nini, na kila mmoja akawa anauliza, "Zimefika ngapi?" na kila mmoja akawa anajibiwa na mwenzake, na namba zikawa sahihi.

Kilibaki kitu kimoja, kumwondoa Fisi kwenye kichuguu. Hilo halikutaka hesabu. Asubuhi ya siku ya sita, Simba alipomaliza chakula na kutupa mifupa, upepo ulivuma kuelekea bwawani, na Fisi akawa keshafika kwenye mifupa kabla fimbo yake haijaanguka chini. Alipokuwa anatafuna, akina mama walipita foleni moja kimyakimya, wakamimina konzi mia sita, na Mama Ndovu akakoroga kwa mkonga.

*

Aliporudi akilamba midomo, Fisi alikuta bwawa la zambarau, wanyama kwenye foleni wamepigwa na butwaa, na Sungura tayari anakunywa mara ya pili.

"Tamu," Sungura alisema.

Fisi akayaonja. Yalikuwa matamu kweli. Tumbo lake lilimwambia neno moja na akili yake ikamwambia jingine, na kama ilivyo siku zote, tumbo lilishinda. Lakini mbele za watu akapanda kichuguu.

"Ni ishara hii," alisema kwa sauti ya kutetemeka. "Maji yamekasirika. Yamehesabiwa na binti, tazameni yalivyoiva kwa hasira. Kesho asubuhi nitatoa taarifa kamili. Sasa kunyweni, mkalale."

Wakanywa, wakaenda kulala. Siku hiyo adhuhuri ilikuwa kimya kama siku zote.

Asubuhi ya siku ya saba baraza lilijaa. Mama Kanga alikuwa amefungasha hata hivyo, na alisimama na vifaranga wake wakiwa wamefungwa kamba kiunoni, mmoja nyuma ya mwingine. Mwanarangi alikuwa kwenye tawi la mgunga. Ngozi yake ilipita rangi zote alizokuwa nazo, moja baada ya nyingine, kisha ikaanza upya.

Fisi akatokea.

Alitembea kwa madaha, kifua mbele, fimbo mkononi. Alikuwa wa zambarau. Masikio yalikuwa ya zambarau, shingo ya zambarau, mgongo, tumbo, mapaja, na mkia wote hadi ncha. Yeye mwenyewe hakujua, maana pale alipojitazama ni ndani ya maji ya zambarau, na humo kila kitu ni cha zambarau.

Kiboko alijiziba mdomo kwa mguu.

"Ndugu zangu," Fisi alianza, "jana mmeyaona makubwa."

"Tunayaona hata leo," Sungura alisema.

"Maji yamekasirika. Wadogo na mama zao lazima waondoke kabla hayajakasirika zaidi."

"Mfalme," Mwanarangi akasema kutoka juu, "kabla hawajaondoka, naomba kila mtu anyooshe ulimi."

Lilikuwa ombi dogo, na wanyama walikuwa na hamu ya kujua. Ndimi zikanyooshwa kote barazani, fupi na ndefu, nyembamba na pana, wa Twiga ukining'inia juu ya zote. Kila ulimi ulikuwa wa zambarau. Wa Simba pia, na kwa kuwa yeye hunywa kwa kuinamisha uso mzima, hata ndevu zake zilikuwa za zambarau, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amepata ujasiri wa kumwambia.

"Rangi hii ni zambarau za kina mama," Mwanarangi alisema. "Tulizitia sisi, kwa kipimo. Hazina madhara. Anayekunywa maji anapakwa ulimi, na mwenye ndevu anapakwa ndevu. Hapo ndipo maji yanapomgusa. Sasa tazameni aliyeguswa kwingine."

Walikuwa wanatazama tayari.

Fisi akainamisha kichwa, akauona mguu wake. Akageuka, akauona mgongo. Akajizungusha akiufuata mkia, akauona nao.

"Nilikuwa na kiu," alisema.

"Bwana Fisi," Sungura aliuliza kwa upole mkubwa, "na huko mkiani nako ulikunywa?"

Hapo baraza lilishindwa. Kiboko aliachia, nyani wakaanguka matawini, Mama Kanga alicheka mpaka vifaranga wote wanane wakavutwa na kamba wakaangushwa pamoja. Fisi akasema aliteleza. Akaulizwa mara ngapi. Akasema basi ni jasho, kazi ya kupima inatoa jasho la rangi hiyo. Lakini nyuma yake, kutoka alikotokea mpaka aliposimama, zilikuwepo nyayo za zambarau, nzuri, zimejipanga vizuri, na zilitoka ndani ya kichaka cha Pepo wa Upele.

Simba aliinuka. Akazifuata nyayo zile, na wengine wote nyuma yake, wakitembea kwa vidole na kujikuna mapema kwa tahadhari. Walipoipita miiba walikuta mfereji uliochimbwa chini ya matete na kuzibwa kwa jiwe. Mbele ya mfereji lilikuwepo bwawa lingine, dogo, la zambarau, limejaa pomoni. Pembeni yake matikiti yalikuwa yamezaa. Kando ya maji palikuwa na jani la mgomba la kujilalia baada ya kuoga.

"Alama mbili kwa siku," Mwanarangi alisema. Alikuwa ndiyo kwanza anafika, maana hata waliotembea kwa vidole walimpita mwendo.

Simba aliutazama uso wake katika maji yale, ingawa humo hakuweza kuziona ndevu zake zilivyo. Alipogeuka, alizungumza bila kupiga miayo.

"Mlisikia nikisema kwamba nilimchagua mimi," alisema. "Basi ni mimi niliyekosea. Binti huyu alikuja barazani kabla yetu sote, akiwa na jibu la swali nililouliza, na mimi nikatazama ubinti wake nikaacha jibu. Mwanarangi, kazi ya kupima ni yako, ukiwa bado unaitaka."

"Naitaka, mfalme," Mwanarangi alisema. "Lakini si peke yangu. Bwawa ni kubwa na mimi ni mmoja. Kila binti wa Kaukau anayetaka kujifunza kupima, asizuiwe."

"Na wa kiume?" Sungura akauliza.

"Nao waje. Wakae nyuma kidogo, wanacheka sana."

Fisi alihukumiwa kuyarudisha maji, mdomo kwa mdomo, kutoka bwawa lake mpaka bwawa la wote, bila kumeza. Ilikuwa adhabu kali kuliko kufukuzwa. Kila mara aliposhawishika, Mama Kanga, aliyepewa kazi ya kumhesabia, alimtazama koo tu, akatulia.

Mabinti walianza kuja kesho yake. Kidoa alikuwa wa kwanza, bado wa zambarau upande mmoja. Akaja binti wa Ndovu, mabinti wawili wa Ngiri, na binti wa Nyumbu, ambaye baba yake alisema kwao hakuna aliyewahi kufika kumi. Alifika mia siku ya pili, akaenda nyumbani akiimba namba hizo barabara nzima.

Siku ya tatu, nyuma kabisa ya mstari, alikuja Mashavu, binti wa Fisi. Wenzake wakamwachia nafasi kubwa, wakiminyana upande wa pili. Alisimama ameinamisha shingo.

"Baba amesema nisije," alisema.

"Wewe umesemaje?" Mwanarangi akamuuliza.

"Mimi nimekuja."

Mwanarangi akashuka kutoka kwenye ufito ili ampishe. "Jana tulisoma alama thelathini na moja. Soma za leo."

Mashavu aliingia ndani ya matete, akakodoa macho, akahesabu kutoka chini, akarudia kutoka juu. Kisha akakaa akifikiri, na wengine wakaanza kunong'ona kwamba ameshindwa.

"Thelathini na mbili," alisema mwishowe. "Jua limekunywa moja. Sisi tumekunywa moja." Akanyoosha shingo. "Baba amerudisha tatu."

Mama Kanga, aliyekuwa akimhesabia Fisi tangu jana, akainua kichwa na kusema kwamba ni kweli, tatu kamili.

"Umejifunza wapi kuhesabu hivyo?" Mwanarangi aliuliza.

"Nyumbani, wakati wa kula," Mashavu alisema. "Baba huchukua nusu. Kisha huchukua nusu ya iliyobaki. Kisha anasema tugawane sawasawa, na sisi tuko watano. Nimekuwa nikipiga hesabu ngumu tangu niote meno."

Kidoa ndiye aliyecheka kwanza, kisha binti wa Ndovu, kisha wote, na Mashavu mwenyewe akacheka, kile kicheko kirefu cha kwao, safari hii hakikuwa na ufa wowote. Wakamvuta katikati ya mstari.

Mvua ilirudi mwezi uliofuata, na bwawa halikuwa limekauka. Nyika ya Kaukau ilikuwa karibu kufa kwa kiu huku anayejua dawa yake akiambiwa anyamaze kwa kuwa ni binti, na waliokaribia kufa hawakutaka tena kulirudia kosa hilo. Nilipowaacha walikuwa wamekaa mvuani, wamelowa chapachapa, wanabishana kwa furaha kuhusu ukubwa wa tone moja.